Cheonggyecheon ya Seoul: usiishie kwenye maporomoko

Kijito cha Cheonggyecheon kinachopita katikati ya jiji la Seoul, Korea Kusini, hakina lango wala tiketi, na huenda ndiyo sababu wageni wengi hukipa robo saa tu. Hushuka ngazi kwenye uwanja wa Cheonggye, hupiga picha mbele ya maporomoko madogo ya maji na ile sanamu ndefu ya rangi nyekundu na buluu yenye umbo la konokono, hutembea hadi daraja la pili au la tatu, kisha hupanda kurudi madukani. Nami nilifanya hivyo siku yangu ya kwanza, nikaondoka nikiwa nimeona mawe mengi na majani machache. Tathmini hii ni ya mtu aliyerudi mara nyingi baada ya siku hiyo, kuanzia Mei hadi Oktoba, akiwa na daftari la mimea mkononi, na hukumu yangu ni kwamba kwa mpenda mimea thamani ya kijito hiki huongezeka kadiri anavyoteremka na maji, mpaka afike pale ambapo watalii wamekwisha na mierebi imeanza.

Ili kukitendea haki, ni lazima kwanza tujue kilikuwa nini. Kazi ya kukifunika kwa zege ilianza mwaka 1958, na juu ya zege hilo ikajengwa barabara ya kupita angani iliyokamilika mwaka 1971. Kufikia mwanzoni mwa karne hii magari yapatayo 168,000 yalikuwa yakipita hapo kila siku, huku chini yake kijito kikiwa kimegeuka bomba la majitaka lisiloona jua. Mwezi Julai 2003, chini ya meya Lee Myung-bak, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo, ubomoaji ulianza, na tarehe 1 Oktoba 2005 kijito kilifunguliwa kwa wananchi kwa urefu wa kilomita 5.8, kikiwa na madaraja 22. Ina maana kwamba karibu kila jani analoliona mgeni katika sehemu iliyofukuliwa limeota au limepandwa baada ya hapo. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mahali hapa: ni shamba la majaribio ambalo umri wake unajulikana kwa siku na mwezi, na ambalo yeyote anaweza kwenda kuona mimea imefanya nini kwa muda wote huo.

Sehemu ya juu, kuanzia uwanjani hadi madaraja matano au sita ya mwanzo, ndiyo dhaifu kuliko zote. Nasema hivi bila kudharau kazi ya waashi, kwa maana mawe yamechongwa vizuri na maji yanapita juu yake kwa sauti ya kutuliza moyo. Lakini kijito kimebanwa kati ya kuta mbili ndefu, njia ya miguu ni nyembamba kiasi kwamba mwenye kiti cha magurudumu hupata taabu kupishana na watu, na mimea imepewa vijisehemu vidogo tu ukingoni. Humo kuna mafungu ya nyasi ndefu, matete yaliyopandwa kwa mstari na maua ya airisi ya njano yanayochanua Mei. Ukutani hupanda mtambaazi mmoja wenye majani ya ncha tatu, ambao hushika jiwe kwa vidole vyake vidogo vyenye gundi na hugeuka mwekundu kama pilipili iliyoiva majira ya kupukutika kwa majani yanapoingia. Mtambaazi huo ndio unaoiokoa sehemu hii. Bila huo, mtu angekuwa anatembea ndani ya mfereji uliopambwa.

Hata hivyo, hata hapo juu, anayeinama huona jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi. Katika nyufa kati ya jiwe na jiwe kumeota mimea ambayo hakuna aliyeipanda, na mmojawapo nilimtambua mara moja kama ndugu niliyemwacha nyumbani: jamaa wa ile kongwe tunayoing'oa mashambani kila masika, mwenye ua dogo la buluu linalofunguka asubuhi na kunyauka kabla ya saa za alasiri. Pembeni yake kulikuwa na jani pana la njiani, lile linalokubali kukanyagwa. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu kwangu hiki ndicho kipimo cha kweli cha ukingo wowote uliojengwa: si kile alichopanda mhandisi, bali kile kilichokuja chenyewe na kikaruhusiwa kubaki.

Kabla ya kuendelea kuteremka, ni haki kuinua macho na kutazama barabara zinazofuata kijito juu ya kuta, kwa kuwa miti iliyopandwa huko ni sehemu ya bustani hii ingawa haigusi maji. Mwingi wao ni mti ambao Wakorea huuita ipap. Mwezi Mei huchanua maua meupe membamba, mengi kiasi cha kuficha majani, na jina lake huhusishwa na wali, kwa maana mti ukichanua huonekana kama sinia lililorundikwa wali mweupe. Mwenyeji wangu, kijana wa Kitanzania anayesoma huko, alinionyesha mti huo akaniambia, «Mama, huu ndio mti wa pilau bila viungo», nami tangu siku hiyo sikuweza kuuita kwa jina jingine. Ni mti wa barabarani wa kiwango cha juu: una kimo cha wastani na kivuli cha kutosha. Nikiupa alama peke yake, ninaupa zote.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo kila tathmini ya haki ingepaswa kulisema mapema. Maji ya Cheonggyecheon hayatoki mlimani. Bonde lake lote limejengwa na kutiwa lami, na hata zamani kijito hiki kilikuwa cha msimu, kikijaa wakati wa mvua na kukauka baada yake. Kwa hiyo ili kionekane hai mwaka mzima, maji yapatayo tani 120,000 huingizwa kila siku kwa pampu, mengi yakitoka Mto Han na mengine yakiwa maji ya ardhini yanayokusanywa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Mimea yote ya ukingoni inaishi kwa umeme. Pampu zikisimama kwa mwezi mmoja wa kiangazi, mafungu ya matete ya sehemu ya juu yatakuwa majani makavu.

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo mahali hapa hapastahili kuitwa kijito, bali chemchemi ndefu ya mapambo. Nimeifikiria hoja hiyo kwa uzito na nakubaliana nayo nusu. Ni kweli kwamba mto unaotegemea swichi si mto uliorudishwa, na mji unaotaka kuiga ungepaswa kuhesabu gharama hiyo kabla ya kupiga picha. Lakini mmea hausomi mkataba wa maji. Mbegu ya mwerebi inayoelea na kukwama kwenye mchanga mbichi huota bila kuuliza mchanga ulilowanishwa na nani, na kereng'ende akikuta bua la kutagia hutaga. Kilichotengenezwa na binadamu kilianza kutumiwa na wasio binadamu, na walio wengi hawakualikwa. Takwimu zilizochapishwa kuhusu mradi huu zinaeleza kwamba kati ya mwaka 2003 na 2008 aina za mimea ziliongezeka kutoka 62 hadi 308, samaki kutoka aina 4 hadi 25, ndege kutoka 6 hadi 36, na wadudu kutoka 15 hadi 192. Sehemu ya ongezeko la mimea ilipandwa kwa mkono, hilo liko wazi. Ila wadudu hawakupandwa na mtu.

Jambo moja kuhusu huduma za kutembezwa. Nililipia matembezi ya kuongozwa kwa kampuni ambayo sitaitaja, kwa sababu tangazo lake liliahidi «mimea na ikolojia ya kijito». Kiongozi wetu alikuwa mtu mpole na mwenye kujua sana historia ya wafalme wa Joseon, nasaba ya zamani ya Korea, waliofukua matope ya kijito hiki, nami nilifaidika nayo; lakini matembezi yalikoma baada ya mwendo wa chini ya saa moja, kabla hatujafika hata katikati, na nilipouliza juu ya mierebi ya chini niliambiwa kwamba «huko hakuna kitu cha kuona». Kwa mtu aliyelipa ili aone mimea, hilo ni kosa kubwa. Ushauri wangu ni kuokoa fedha hiyo, kununua chupa ya maji na kutembea mwenyewe, kwani njia haipotei: unafuata maji.

Baada ya eneo la Dongdaemun kuta huanza kuachana, na mhandisi huanza kumwachia mtunza bustani. Kingo hulala mteremko badala ya kusimama, udongo huonekana, na mimea haipo tena kwa mafungu bali kwa ukanda mrefu usiokatika. Utavuka eneo ambapo nguzo tatu za ile barabara ya angani zimeachwa zisimame majini kama kumbukumbu, na hapo ndipo mtu huelewa kwa macho kile ambacho tarakimu haziwezi kueleza, yaani zege limesimama peke yake, na miguuni pake matete yamefika kifuani mwa mtu. Makumbusho ya kijito hayako mbali na hapo, nayo yana picha za wakati wa kufunikwa na wa kufunuliwa. Mpenda mimea asikae humo sana, maana yaliyo bora bado yako mbele.

Yaliyo bora ni kinamasi cha mierebi karibu na mwisho wa safari, kabla kijito hakijaingia katika mto wa Jungnangcheon unaokwenda kukutana na Mto Han. Mwerebi ni neno ambalo wengi wetu tulikutana nalo katika Biblia kabla ya kuuona mti wenyewe, na ilinibidi niende Korea ili nijue kwa nini nabii Isaya aliutia kando ya mifereji ya maji. Aina iliyo nyingi hapa ni kichaka badala ya mti mrefu, chenye matawi mengi membamba yanayotoka chini kwa pamoja, na ambacho mwanzoni mwa majira ya kuchipua hutoa vichwa vya maua vyenye manyoya laini ya rangi ya fedha. Uzuri wake si wa ua peke yake. Tawi lake linapinda bila kuvunjika, na mizizi yake ni myekundu, myembamba na imesukwa kama wavu, hivyo kwamba udongo ulioshikwa nayo haukatiki kwa urahisi. Nilikaa juu ya jiwe mwezi Agosti nikitazama mizizi hiyo ikielea ukingoni katika maji yasiyofika magotini, samaki wadogo wakiingia na kutoka ndani yake, na korongo mmoja mweupe akisubiri pasipo kutikisika, nikahisi kwamba safari yangu yote ilikuwa imelipwa na nusu saa ile.

Ubaridi wa mahali hapo si hisia tu. Vipimo vya majira ya joto vilionyesha kwamba kando ya kijito joto lilikuwa chini kwa nyuzi 3.3 hadi 5.9 za Selsiasi kuliko kwenye barabara kubwa iliyo mitaa michache kutoka hapo. Anayeijua Seoul ya Agosti, ambayo unyevunyevu wake unaweza kumshangaza hata mtu wa Dar es Salaam, ataelewa kwa nini wazee wa mji huo hushuka jioni na kukaa wameloweka miguu.

Kinamasini pia ndipo nilipoiona kasoro kubwa ya matunzo, au tuseme mpaka wa uwezo wake. Kuna mtambaazi mmoja, jamaa wa hopsi inayotiwa katika bia, ambaye shina lake lina miiba midogo inayokwaruza ngozi kama msasa. Mwezi Mei ni mche mnyenyekevu. Agosti huwa ameshapanda juu ya matete, akayalaza, akaanza kuivika mierebi shuka la kijani lisilopitisha mwanga. Ni mwenyeji wa Korea, si mgeni, lakini ameenea mno katika kingo zilizovurugwa za mito ya nchi hiyo hata serikali ikamtia mwaka 2019 katika orodha ya mimea inayovuruga ikolojia. Niliwaona wafanyakazi wakiung'oa kwa mikono, wamevaa mikono mirefu na glavu, kazi ya jasho ambayo wiki tatu baadaye ilionekana kama haikufanyika. Ukingo uliofukuliwa na mashine ni mwaliko kwa mmea wa namna hiyo, na kazi ya kuuzuia haina siku ya mwisho. Bustani ya mto haizinduliwi mara moja ikaisha.

Upande mwingine, yapo matunzo yaliyozidi. Katika sehemu ya kati nyasi hufyekwa kwa kimo kimoja mapema kuliko inavyofaa, na kwa hiyo mbegu nyingi ambazo ndege wangezila wakati wa baridi hazipati kukomaa. Ningependa kuona mikanda iliyoachwa bila kufyekwa kwa mwaka mzima, hata kama itaonekana michafu machoni mwa mpita njia. Nyasi ndefu zenye vichwa vya rangi ya fedha, ambazo Oktoba hung'aa jua linapotua hadi mtu akadhani maji yamepanda ukingoni, zinathibitisha kwamba kuacha si uzembe.

Kuhusu mvua, mgeni ayatii matangazo. Mvua kubwa ikinyesha kijito hufungwa, vipaza sauti hutangaza, na watu huondolewa, kwa kuwa milango iliyo ndani ya kuta hufunguka kwa shinikizo na kumwaga maji ya mvua yaliyochanganyika na majitaka. Hapo ndipo hujulikana kwamba mbali na kuwa bustani, hiki bado ni mfereji wa kuokoa mji, uliopimwa kuhimili mafuriko ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 200. Nilipita siku mbili baada ya mvua ya Julai. Airisi za juu zilikuwa zimelala matopeni, mifuko ya plastiki imening'inia kwenye matete, na harufu haikuwa nzuri. Lakini kule chini mierebi ilikuwa imeinama upande mmoja, yote kwa pamoja, na ndani ya wiki moja ilikuwa imesimama tena bila kuguswa na mtu. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Siwezi kuutazama mwerebi uliosimama baada ya mafuriko bila kuukumbuka Msimbazi. Mto wetu huo wa Dar es Salaam hutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na huingia baharini penye Daraja la Selander, karibu na Daraja la Tanzanite lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2022. Mtu anayepita Selander maji yanapokuwa yametoka huona mikoko imesimama kwenye tope, nayo mikoko hiyo haikupandwa na mradi wowote wa mapambo wala haihitaji pampu. Matete ya bonde la Jangwani hukatwa, hufukiwa kwa taka, husombwa, na mwaka unaofuata yako pale pale. Seoul ililazimika kununua mwanzo mpya kwa fedha nyingi kwa sababu ilikuwa imefunika kila kitu; sisi bado tuna mmea ulio hai wa kuanzia nao, na natamani kwa moyo wote kwamba wahandisi wanaokwenda kujifunza Cheonggyecheon wapelekwe kinamasini, wasirudi na michoro ya maporomoko ya uwanjani.

Kwa jumla ninakipa kijito hiki nyota nne kati ya tano kwa mpenda mimea, lakini kwa masharti: nyota mbili tu kwa sehemu ya juu, tatu na nusu kwa sehemu ya kati kwa ajili ya miti ya ipap, na tano kamili kwa kilomita ya mwisho. Anayetaka kufuata njia yangu ashuke kituo cha Gwanghwamun cha reli namba 5, aanze asubuhi kabla kongwe haijafunga maua yake, ahesabu madaraja (majina yao huishia na «gyo») na asikubali kupanda ngazi kabla ya mierebi. Saa tatu zinatosha kwa anayetembea, saa tano kwa anayeinama. Chakula kipo njiani katika soko la Gwangjang, ambapo chapati nene za choroko zilizosagwa hukaangwa mbele ya mteja, na ni vyema kula hapo kwa sababu chini zaidi hakuna kitu. Kurudi ni rahisi kwa kutumia kituo cha Yongdap, ambacho kando yake, upande wa kijito, kuna njia iliyopandwa miplamu kutoka wilaya ya Hadong. Miti hiyo huchanua Machi, kabla ya mimi kufika Korea, kwa hiyo niliiona ikiwa na majani matupu. Nimeiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari ijayo.